Mpagazi wa Unyanyembe na Mtoto wa Misheni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nasaba Bagamoyo

Kisa hiki kinahusu ukoo mmoja wa Bagamoyo, wenye nyumba Dunda na shamba la minazi upande wa Kaole, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukibishana juu ya mzee wao aliyeishi karne ya 19. Wenyewe wameomba majina yao yasitajwe, kwa hiyo mzee huyo nitamwita kwa lakabu wanayomwitia nyumbani, yaani Mnyanyembe. Jina lake lenyewe ni miongoni mwa majina ya heri, kama vile Mabruki, Feruzi na Baraka, ambayo katika pwani ya wakati ule waliitwa watu wengi mno, hasa watumwa na watu waliowahi kuwa watumwa. Ugumu wa kisa kizima umelala hapo, kwa sababu majina ya namna hii huonekana kwa wepesi katika nyaraka, lakini kuliona jina si kumpata mtu.

Bibi mkubwa wa ukoo, aliyezaliwa katika miaka ya 1930 na ambaye kwake Mnyanyembe ni babu mzaa baba, anasimulia kwamba mzee alitoka Unyanyembe, sehemu za Tabora, akiwa kijana mwenye nguvu. Kwamba alikuwa mpagazi. Kwamba alishuka pwani pamoja na msafara ulioleta mwili wa David Livingstone. Na kwamba hakurudi tena bara, bali alisilimu, akaoa, akapata shamba na kuzikwa papa hapa. Mjukuu wake mmoja, kwa upande mwingine, alipata picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo cha misheni ya Bagamoyo, wa miaka ya mwanzo ya 1870, ambamo ameandikwa mtoto wa kiume wa kadiri ya miaka minane, mwenye jina lile lile kabla ya ubatizo, na asili yake Unyanyembe. Mjukuu akahitimisha kwamba mzee wao alikuwa mtoto wa utumwani aliyekombolewa na mapadre, akakua misheni, kisha akatoka na kuingia Uislamu, na kwamba habari za upagazi zilitungwa baadaye ili kuficha utumwa. Bibi alipoambiwa hayo alijibu kwa utulivu, "Mjukuu wangu, babu angekuwa wa misheni, sisi tusingejua kaburi lake."

Jibu hilo si ushahidi, lakini halikustahili kupuuzwa jinsi lilivyopuuzwa. Swali la uchambuzi huu ni kama mtu wa simulizi, mtu wa kitabu cha ubatizo, na mtu wa tatu anayetajwa katika hati ya shamba iliyohifadhiwa sandukuni kwa bibi, ni mtu mmoja au zaidi.

Nianze na simulizi, kwa sababu ndiyo ushahidi wa zamani kuliko wote ingawa haukuandikwa. Jambo la kwanza la kupima ni njia iliyopita. Bibi aliisikia kwa baba yake, na baba yake, kwa maelezo ya ukoo, alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi Waingereza walipoiteka Bagamoyo Agosti 1916, na Mnyanyembe alifariki vita vile vikiwa havijaisha. Maana yake ni kwamba baba wa bibi alizaliwa karibu na mwaka 1906, mtoto wa uzeeni wa mke wa mwisho, na alifiwa angali mdogo. Basi habari za ujana wa mzee hakuzipata kwa mzee mwenyewe kwa ukamilifu, bali kwa mama yake na kwa ndugu zake wakubwa wa mama wengine. Mnyororo ambao familia inaudhani una pete mbili una tatu, na pete ya katikati ni ya watu ambao nao hawakuwapo mzee alipofika pwani.

Jambo la pili ni kutenga sehemu za simulizi zenye faida kwa msimuliaji na zile zisizo na faida yoyote. Habari ya Livingstone ina faida kubwa. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika tarehe 24 Februari 1874, ukawekwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara wa kanisa lile bado umesimama na watalii huonyeshwa kila siku, na si ajabu kwamba koo nyingi za mji huu zingependa mzee wao awe alikuwa chini ya mzigo ule. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara huo, jina la kila mmoja likiandikwa ukingoni, na majina kama la Mnyanyembe yamo katika orodha za watumishi wa Livingstone. Lakini kwa jina lililoenea kiasi hiki, kuliona katika orodha hakuthibitishi chochote, na ukoo haujawahi kuwa na medali wala habari ya medali iliyopotea.

Hata hivyo madai hayo hayapaswi kufutwa yote. Msafara ulipofika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 ulimkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, na wenzake wawili, Murphy na Dillon, wakageuka kurudi pwani pamoja nao, ingawa Dillon alijiua njiani. Wazungu hao walikuwa na wapagazi wao. Mtu wa Unyanyembe angeweza kabisa kushuka Bagamoyo katika mkumbo ule bila kuwa miongoni mwa waliotoka Chitambo, na baada ya vizazi viwili tofauti hiyo ikasahaulika.

Sehemu isiyo na faida ndiyo iliyonivutia zaidi. Bibi anasema, kama jambo la kupita tu, kwamba babu alipofika "minazi ya watu ilikuwa mifupi, haijazaa". Bagamoyo ya zamani bila minazi mirefu ni picha ambayo hakuna angeibuni kwa kujisifu. Tunajua kwamba tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na pwani hii, kikang'oa minazi na mikarafuu na kubomoa majengo, yakiwemo ya misheni. Mnazi wa kienyeji huchukua kiasi cha miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo mtu aliyekuta minazi mifupi isiyozaa alifika kati ya mwaka 1872 na mwisho wa miaka ya 1870. Mimi naipa habari hii ndogo uzito kuliko ile kubwa ya Livingstone, ingawa zote mbili zinaelekea wakati mmoja.

Sasa kitabu cha ubatizo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakajenga kijiji cha watu huru ambamo walikaa watoto na watu wazima waliokombolewa kwa fedha sokoni Unguja au kukabidhiwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi. Maandishi yao ya sakramenti ni ya Kilatini, na majina ya Kiafrika yameandikwa kwa masikio ya Kifaransa, hivi kwamba Mabruki huwa Mabrouki na Unyanyembe huwa Ounyanyembe. Anayepekua vitabu hivyo huku akitafuta tahajia ya Kiswahili cha leo atapitwa na nusu ya anachokitafuta, na mjukuu alifanya kazi nzuri kuliona jina lile.

Kosa la hitimisho lake limo katika mambo mawili. Kwanza, mtoto wa misheni kuandikwa kuwa ametoka Unyanyembe hakumaanishi lazima kwamba alizaliwa huko. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya kutoka Ujiji, Karagwe na kusini, na mtoto wa miaka minane aliyeuzwa mara kadhaa aliweza kutaja mahali pa mwisho anapopakumbuka, au mwuzaji akamtajia. Pili, na hili ndilo zito, mjukuu alitazama pambizo ya ukurasa, akaona hapana maandishi yoyote kuhusu ndoa, akadhani kwamba kijana hakuoa kanisani na kwa hiyo aliacha dini. Pambizo tupu haisemi hivyo. Agizo la kwamba habari ya ndoa irudishwe na kuandikwa kando ya jina la mtu katika kitabu cha ubatizo lilikuja na amri ya Papa Pius wa Kumi iitwayo Ne Temere, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908. Kwa mtu aliyebatizwa na kuoa katika karne ya 19, pambizo tupu ni jambo la kutarajiwa.

Dawa ya tatizo hili ni kumfuata mtoto yule mbele, katika vitabu vilivyofuata, badala ya kumrukia babu wa nyumbani. Kwa jina lake la ubatizo, likiwa limeambatana na jina la zamani, kijana huyo anaonekana katika kitabu cha ndoa mwanzoni mwa miaka ya 1880, akioa msichana aliyelelewa na masista wa misheni ile ile. Desturi ya mapadre ilikuwa kuwaoza vijana wao na kuwapeleka bara kuwa kiini cha vijiji vipya vya Kikristo, na ndivyo misheni za Mhonda, iliyofunguliwa 1877, na Morogoro, iliyofunguliwa 1882, zilivyopata wakazi wake wa kwanza. Kijana wetu alipelekwa Mhonda, na baada ya hapo jina lake linarudi kama baba katika ubatizo wa watoto wake huko. Mtu huyu hakupotea. Yuko mahali pake na ana uzao wake.

Mpaka hapo tuna mashaka makubwa juu ya hitimisho la mjukuu, lakini bado si kukanusha, kwa sababu majina yaliyoenea yanaweza kuchanganywa hata ndani ya misheni yenyewe. Kilichokata shauri ni hati za shamba.

Hati ya sandukuni imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia kwenye mikunjo, na ilisomwa na mwalimu wa madrasa mwenye uzoefu wa mikono ya zamani. Uzoefu huo si anasa. Waandishi wengi wa wakati ule walitumia herufi moja ya ba kwa sauti za b, p na mb, na mara nyingi hawakutia irabu, kwa hiyo jina la mtu au la kitongoji linaweza kusomwa kwa namna tatu, na msomaji asiyejua watu na mahali atachagua ile anayoipenda. Katika hati hii jina halikuleta shida. Inaeleza kwamba warithi wa marehemu fulani wamemuuzia Mnyanyembe, "huru wa marehemu", kipande cha shamba chenye minazi, mipaka yake ya kibla (kaskazini), suheli (kusini), matlai (mashariki) na magharibi ikitajwa kwa majina ya majirani, na mashahidi wakiandikwa chini. Mwaka ni 1312 wa hijria, ulioanza Julai 1894 na kwisha Juni 1895.

Hapa kuna maneno mawili ambayo ukoo ulikuwa umeyapita kwa miaka yote, ama kwa kutoweza kuyasoma ama kwa kutotaka. "Huru wa marehemu" ni namna ya kumtambulisha mtu aliyeachwa huru na bwana wake. Hayakuandikwa kwa ajili ya kumdhalilisha. Katika sheria ya Kiislamu aliyemwacha mtu huru hubaki na haki ya walaa, yaani yeye au asaba zake (jamaa zake wa kiume wa upande wa baba) wanaweza kumrithi huyo mtu iwapo atakufa bila warithi wa damu wanaostahili mali yote. Warithi waliouza shamba walikuwa na sababu ya kutaka uhusiano huo ubaki kwenye karatasi, na mnunuzi alikuwa na sababu ya kutaka uhuru wake ushuhudiwe. Kwa maoni yangu ndilo swali la kwanza la kuuliza mbele ya waraka wowote wa zama zile: nani alihitaji jambo hili liandikwe. Padre alihitaji kujua nani amebatizwa, warithi walihitaji kulinda haki yao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji kuandika kwamba mtu huyu aliwahi kubeba pembe kutoka Tabora. Kukosekana kwa habari ya upagazi katika karatasi, basi, hakuipunguzii simulizi nguvu.

Tena hati hii ilidumu kwa sababu inayoeleweka. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mmiliki aliyethibitika ni mali ya Taji, na kuanzia hapo mwenye karatasi ya shamba alikuwa na sababu nzuri ya kuitunza kuliko mali nyingine ya nyumbani.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwatafuta majirani wa mipaka. Watu wengi huisoma hati kwa ajili ya jina la mzee wao na kuyaacha majina mengine, ilhali majina hayo mengine ndiyo yanayomtenganisha mtu na wenzake wa jina moja. Jirani wa kibla anafahamika, na uzao wake unalima hapo mpaka leo. Nao wana hati yao, ya mwaka 1300 wa hijria, yaani kati ya Novemba 1882 na Novemba 1883, na katika kueleza mpaka wa suheli imeandikwa kwamba ni shamba la bwana yule yule, "alipo mtumwa wake", kisha jina la Mnyanyembe pamoja na lakabu yenyewe. Jina, lakabu, bwana na mahali vimekutana katika karatasi mbili zilizotunzwa na koo mbili zisizo na sababu ya kula njama. Mtu wa hati na mtu wa nyumbani ni mmoja. Lakabu imefika hadi kwa bibi bila kubadilika.

Na mtu huyo hawezi kuwa mtoto wa misheni. Katika mwaka ambao Mnyanyembe alikuwa mtumwa shambani upande wa Kaole, kijana wa kitabu cha ubatizo alikuwa mtu huru, Mkristo mwenye mke, njiani kuelekea Mhonda au tayari yuko huko. Umri nao unapingana, kwani mmoja alikuwa mtoto wa miaka minane wakati ambao mwingine alikuwa kijana wa kubeba mzigo.

Upande wa bibi ulifurahi kusikia hivyo, lakini furaha yao ilikatizwa na neno mtumwa. Shangazi mmoja alitoa hoja kwamba haiwezekani, kwa kuwa Sultani Barghash alikomesha biashara ya utumwa mwaka 1873, basi mtu hawezi kuwa mtumwa mwaka 1882. Hoja hii husikika mara nyingi na inafaa kujibiwa kwa ukamilifu. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 kati ya Sultani na Uingereza ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na ulifunga masoko ya hadhara. Haukumwondolea mtu yeyote mtumwa aliye naye shambani. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa ilihusu Unguja na Pemba, wakati Bagamoyo ilikuwa tayari chini ya Wajerumani. Wajerumani hawakuufuta utumwa: walitoa hati za uhuru kwa waliojikomboa au kukombolewa, na kwa amri ya mwaka 1904 walitangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika ratiba hiyo mtumwa wa mwaka 1882 hana ajabu yoyote.

Swali lililobaki ni kama simulizi ya upagazi na hati ya utumwa zinagongana, na hapa ndipo naona pande zote mbili za familia zilikosea kwa namna moja, kwa kudhani kwamba mtu alikuwa ama mpagazi huru ama mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye kufanya kazi kwa ujira, ni kweli. Lakini pia mtumwa wa pwani aliweza kutumwa na bwana wake safari ya bara, akagawana naye ujira, na mpagazi huru naye aliweza kuishia utumwani kwa deni, kwa ugonjwa au kwa kutekwa njiani. Njia ipi ilimfikisha Mnyanyembe kwa bwana yule, nyaraka tulizo nazo hazitoshi kusema. Zinachosema ni kwamba alipata uhuru wake baada ya mwaka 1882 na kabla ya katikati ya mwaka 1895, kipindi chenye vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 ndani yake, na kwamba aliyemwacha ni bwana mwenyewe, ama akiwa hai ama kwa wasia, kwa sababu hati haisemi huru wa warithi. Hakuna hati ya uhuru ya boma sandukuni, wala siitarajii, kwani mtu kuachwa huru kwa ajili ya thawabu mbele ya mashahidi wawili hakukuhitaji muhuri wa Mjerumani.

Baada ya majadiliano marefu, ambamo sauti ya shangazi ilisikika kuliko nyingine, ukoo uliandika hivi katika shajara yao, yaani mti wao wa nasaba: kwamba Mnyanyembe alifika Bagamoyo katika miaka ya 1870, kwa mapokeo akiwa mpagazi, kwamba alikuwa mtumwa katika shamba la upande wa Kaole mwaka 1300 wa hijria na mnunuzi huru wa sehemu ya shamba hilo hilo mwaka 1312, na kwamba kuhusu msafara wa Livingstone kuna mapokeo bila waraka. Shangazi alitaka neno mtumwa liandikwe kwa penseli. Bibi alikataa, akasema aliyenunua shamba alilolilimia watu hana la kufichiwa.

Mtoto wa misheni ameondolewa katika shajara, lakini maelezo yake yamenakiliwa kwenye karatasi ya pembeni na kupelekwa Mhonda, kwa sababu huenda kuna watu huko wanaomtafuta. Kwa upande wa Mnyanyembe, hatua inayofuata ni ya Unguja. Bwana wake alikuwa na jamaa huko, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizopo Kilimani zina mafaili ya hati za mali za karne ya 19. Ikiwa wasia wake uliandikishwa upande ule wa bahari, majina ya watumwa aliowaacha huru yatakuwemo, na pengine na jina la mama wa watoto wa kwanza wa Mnyanyembe, ambaye mpaka sasa shajara imemwandika mke tu.